Fahamu: Simu za usumbufu na sheria inayokulinda

Saa nane usiku simu inaita. Ukipokea, mtu usiyemjua anatukana, au anahema tu kisha anakata. Usibishane naye, zuia namba hiyo. Ila usifute kitu: orodha ya simu na meseji, zenye tarehe na saa, ndizo ushahidi wako polisi.

Nchini Tanzania, kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kumtisha au kumsumbua mtu kwa mawasiliano ya kielektroniki. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Wanawake wengi wakilalamika huambiwa wabadilishe laini tu. Huo ni uonevu! Laini husajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo msumbufu anatafutika. Na kama anayepiga ni tapeli, ripoti namba yake kwa meseji kwenda 15040.