Istilahi za uandishi na uchapishaji wa vitabu

Istilahi za uandishi na uchapishaji ni maneno maalumu yanayotumiwa na waandishi, wahariri, wachapishaji na wauza vitabu. Baadhi yake yanafanana na maneno ya kila siku lakini maana zake ni tofauti. Kuyaelewa humsaidia mwanafunzi kutaja vitabu kwa usahihi, na humsaidia mwandishi kujua anachokubali anapotia sahihi mkataba.

Kutoka mswada hadi kitabu

Mswada (wingi: miswada) ni andiko la mwandishi kabla halijachapishwa, liwe limeandikwa kwa mkono, kwa taipureta au kwa kompyuta. Neno hili lina asili ya Kiarabu. Hutumika pia, mara nyingi kwa umbo la "muswada", kwa pendekezo la sheria linalopelekwa bungeni.

Mhariri ni mtu anayesoma mswada na kuurekebisha kwa kushauriana na mwandishi. Huangalia mpangilio wa hoja au visa, usahihi wa habari, sarufi na tahajia. Mhakiki naye hutathmini ubora wa kazi. Mchapishaji anaweza kumpa mswada ausome kabla ya kuamua kama utachapwa.

Prufu ni kurasa zilizokwisha kupangwa kama zitakavyoonekana kitabuni, zinazotolewa ili makosa yaliyobaki yasahihishwe. Katika hatua hii haifai kuandika upya sura nzima, kwa sababu badiliko dogo laweza kusogeza kurasa zote zinazofuata na kuharibu faharasa.

Mchapishaji na mpiga chapa

Maneno haya mawili huchanganywa mara nyingi. Mchapishaji ni mtu au kampuni inayochagua mswada, kugharimia uhariri na uchapaji, kisha kusambaza kitabu. Mpiga chapa ni mwenye mitambo, anayelipwa kwa kazi ya kuchapa na kujalidi tu. Kitabu kinaweza kuchapishwa Dar es Salaam na kupigwa chapa India. Mwandishi anayemlipa mpiga chapa kwa fedha zake mwenyewe ndiye mchapishaji wa kitabu chake, na kazi ya kukiuza ni yake.

Sehemu za kitabu

* Jalada: karatasi ngumu au laini inayofunika kitabu. Upande unaoonekana kitabu kikiwa rafuni huitwa mgongo.
* Tabaruku: maneno machache ya kumtunukia mtu kitabu.
* Dibaji: maelezo ya mwanzo kuhusu kitabu, ambayo mara nyingi huandikwa na mtu mwingine.
* Utangulizi: maelezo yanayomwingiza msomaji katika mada yenyewe.
* Tanbihi: maelezo mafupi chini ya ukurasa au mwishoni mwa sura.
* Faharasa: orodha ya kialfabeti ya majina na mada pamoja na kurasa zake. Baadhi ya vitabu hulitumia neno hili kwa orodha ya maneno magumu na maana zake, ambayo wengine huiita sherehe.

Toleo na chapa

Toleo ni umbo la kitabu lenye maudhui yake mahususi. Yakibadilishwa kwa kiasi kikubwa, hupatikana toleo jipya. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kwa mfano, ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981, toleo la pili likafuata mwaka 2004 na la tatu mwaka 2013. Kupigwa chapa tena ni kuongeza nakala za toleo lilelile bila mabadiliko makubwa. Anayenukuu kitabu ataje mwaka wa toleo alilotumia, kwani namba za kurasa hutofautiana kati ya toleo na toleo. Kwa magazeti, neno toleo lina maana ya nakala za siku, wiki au mwezi fulani.

ISBN

ISBN ni namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu. Tangu mwaka 2007 ina tarakimu 13. Kabla ya hapo ilikuwa na 10. Baada ya 978 au 979 hufuata tarakimu za nchi au eneo la lugha, kama 9966 kwa Kenya, 9970 kwa Uganda, na 9976 au 9987 kwa Tanzania. Tarakimu ya mwisho hutumika kukagua kama namba imeandikwa sawasawa. Kila toleo lina ISBN yake. ISBN haithibitishi kuwa mtu fulani ndiye mwenye haki juu ya kitabu.

Hakimiliki na mrabaha

Hakimiliki ni haki ya kisheria ya kuruhusu au kukataza kazi isinakiliwe, isitafsiriwe wala kuuzwa. Kwa Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, haki hii huanza kazi inapotungwa, bila sharti la kuisajili. Kwa kawaida hudumu maisha yote ya mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo warithi nao hufaidika.

Mrabaha ni malipo ya mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, yanayohesabiwa kwa asilimia. Jambo la kuangalia ni asilimia ya nini. Tuseme kitabu kinauzwa kwa shilingi 8,000 na mrabaha ni asilimia 10. Ukihesabiwa kwa bei ya dukani, mwandishi hupata shilingi 800 kwa nakala. Ukihesabiwa kwa mapato ya mchapishaji, naye amemuuzia mwenye duka kwa punguzo la asilimia 30, yaani kwa shilingi 5,600, mwandishi hupata shilingi 560. Kwa nakala 2,000 tofauti ni shilingi 480,000.

Kuuza hakimiliki ni jambo jingine kabisa. Mwandishi hulipwa mara moja, na kitabu kikiuzwa kwa miaka mingi baadaye yeye na warithi wake hawadai tena chochote, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine.