Rusizi: Ua wa mwenye nyumba, njia ya mwenye beseni

RUSIZI – Mama anayebeba beseni la nyanya kichwani huhitaji nafasi mbili njiani, ya miguu na ya mzigo. Ukiteremka kutoka Kamembe kuelekea mpaka wa Rusizi I huku ukitazama chini, utasema njia ya waenda kwa miguu iko wazi. Inua macho. Kuna mahali matawi ya nyua za watu yameinamia nje, usawa wa uso na wa beseni.

Mwenye mikono mitupu huinama akapita. Mwenye beseni hawezi kuinama. Hushuka kwenye lami, mgongo wake ukiwa kwa pikipiki zinazoteremka kasi. Beseni likianguka, mtaji wa siku umekwisha kabla ya kuvuka daraja kwenda Bukavu.

Nyua nyingi za eneo hili ni za minyaa, ile miti ya vijiti vya kijani ambayo Wanyarwanda huiita imiyenzi. Hupendwa kwa sababu haina gharama: unakata kijiti, unachomeka, kinaota. Lakini ukivunjika hutoa maziwa meupe makali. Yakiingia jichoni huunguza, na mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa siku kadhaa. Yakikupata, usifikiche, osha jicho kwa maji mengi safi, kisha nenda kituo cha afya.

Kwa nini basi jirani hasemi? Kwa Kinyarwanda neno urugo ni ua, na ni huohuo mji wa mtu na familia yake. Kumwambia mtu ua wake umezidi ni kama kumwambia nyumba yake imemshinda. Naelewa aibu hiyo, ila anayeilipia ni mpita njia, ambaye mara nyingi hata si mkazi wa mtaa huo.

Sheria namba 55/2011 inayosimamia barabara nchini Rwanda inatambua hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa pembeni ambao si wa mwenye kiwanja. Pia kuna umuganda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano. Umuganda hufyeka majani na kuzibua mitaro vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba ua una mwenyewe, na panga la umma husita mbele ya ua wa mtu.

Kwa hiyo wewe unayepita hapo kila asubuhi una sababu ya kusema. Anza na kiongozi wa mudugudu, umwonyeshe ua wenyewe na si barabara nzima. Akishindwa, panda hadi ofisi ya seli, kisha sekta. Ni vyema kwenda kabla ya mvua za Septemba, kwa sababu zikishika, ua uliopunguzwa Agosti huchipua upya.

Anayekata naye asiyaache matawi njiani. Yataendelea kutoa maziwa pale watoto wanapopita na ndala, na kijiti kilichotupwa kando ya mtaro kikipata udongo wenye unyevu hutoa mizizi, kikawa ua mwingine usio na mwenyewe.