“Mimi ni Mama wa Nyumbani Tu”

Mama akiulizwa kazi yake, iwe kliniki, shuleni kwa mtoto au benki, mara nyingi hujibu hivi: “Mimi ni mama wa nyumbani tu.” Hilo neno dogo la mwisho, “tu”, tumelizoea mno hata hatulisikii tena. Tunalisema huku tumebeba mtoto mgongoni na ufunguo wa genge umefungwa kwenye pindo la kanga. Analisema mwenye bustani ya mchicha, mwenye ng’ombe wa maziwa, hata mweka hazina wa kikoba anayetunza fedha za wenzake thelathini bila kupotea senti.

Neno hilo hutufuata mpaka kwenye mambo ya siasa. Mazungumzo yakigeukia uchaguzi, bajeti au uongozi wa kijiji, tunanyanyuka kwenda kutazama chungu. Tunasema hayo ni mambo ya wanaume, au siasa ni mchezo mchafu, tuacheni sisi na watoto wetu. Katika makala hii tunapenda tuzungumze sisi kwa sisi juu ya hilo “tu”. Je, linatugharimu nini? Na ni nini tunachokigundua juu yetu wenyewe siku tunapoliweka kando?

SIASA HAIBISHI HODI

Wako wanaodhani kwamba wakikaa mbali na siasa, nayo itakaa mbali nao. Hebu tukumbuke habari ya sukari. Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari iliadimika Tanzania. Mvua nyingi za El Niño zilifanya miwa ishindwe kuvunwa, viwanda vikapunguza uzalishaji, na sehemu nyingine kilo moja ikauzwa shilingi 4,000 na zaidi. Serikali ikatangaza bei elekezi na kutoa vibali vya kuagiza sukari kutoka nje. Mvua ni mambo ya mbinguni, lakini nani apewe kibali, aagize kiasi gani na lini, hayo huamuliwa na watu mezani. Wakati wanaamua, sisi tulikuwa tunapima chai ya watoto kwa kijiko kimoja badala ya viwili.

Tuchukue pia mfano wa taulo za kike, maana wenye mabinti tunajua uzito wake. Katika bajeti ya mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye bidhaa hiyo. Mwaka uliofuata, 2019, kodi ikarudishwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba bei dukani haikushuka, hivyo unafuu ulikuwa hauwafikii wanunuzi. Sasa tujiulize: ni nani katika nchi hii aliyejua bei ya pedi kabla ya kodi kuondolewa na baada yake, duka kwa duka? Ni sisi tunaotumwa na mabinti zetu. Tulikuwa na ushahidi wote, ila ulikaa ndani ya vichwa vyetu. Hatukuuandika wala kuupeleka kwa diwani au mbunge, kwa kuwa tuliona kwamba mambo ya bungeni hayamhusu mama wa nyumbani.

MAMA MWENYE DAFTARI

Kijijini kwetu kuna kisima cha pampu. Kila ndoo ya lita 20 hulipiwa shilingi 50, na fedha hizo ni za kutengenezea pampu ikiharibika. Pampu iliharibika wakati wa kiangazi. Tukaambiwa fedha hazitoshi. Wiki zikapita, nasi tukarudi kuamka saa kumi za usiku kwenda mtoni, mabinti wakichelewa shule.

Ulipofika mkutano mkuu wa kijiji, taarifa ya mapato ilisomwa haraka haraka: kwa miezi mitatu kabla ya pampu kuharibika, maji yalikuwa yameingiza shilingi 310,000. Watu wakanyamaza. Ndipo akasimama mama mmoja mwenye watoto watano, ambaye tangu tumjue hakuwahi kufungua kinywa mkutanoni. Mkononi alikuwa na daftari la shule la mtoto wake. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye huuza maandazi karibu na kisima, na kwa juma zima, pampu ilipokuwa nzima, aliandika ndoo zilizochotwa. Hazikupungua 180 kwa siku. Ndoo 180 kwa shilingi 50 ni shilingi 9,000 kwa siku. Kwa siku tisini ni shilingi 810,000. “Naomba kuuliza,” akasema, “hiyo laki tano nyingine imekwenda wapi?”

Aliambiwa aketi. Kijana mmoja akacheka, na nyuma yetu tukasikia mtu akisema ni mama kimbelembele. Lakini mzee mmoja akainua fimbo yake, akataka mama aachwe amalize. Akamaliza. Mkutano ukachagua watu watatu kukagua hesabu, wawili wao wanawake.

Hatutaki kudanganya kwamba mambo yote yalinyooka. Fedha zile hazikurudi zote, na pampu ilichukua miezi miwili zaidi kutengenezwa. Yako majirani walioacha kununua maandazi yake kwa muda. Lakini tangu siku ile mapato ya maji hubandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji kila mwezi, na mtu yeyote anaweza kuyasoma.

Tulipomtembelea baadaye tulimwuliza alipata wapi ujasiri. Alituambia kuwa hata yeye alishangaa kuisikia sauti yake. Kilichomsimamisha ni kwamba hesabu ile aliijua. Ni hesabu ileile anayoifanya kila siku kwa unga, mafuta na faida ya maandazi. Akatusimulia pia kwamba mumewe alitembea naye kutoka mkutanoni bila kusema neno, naye akaogopa kwamba amemwaibisha. Usiku, baada ya kula, mume akalivuta lile daftari karibu na taa, akasema, “Hebu nionyeshe ulivyopiga.”

WALIOTUTANGULIA

Wanawake wa aina hii hawakuanza leo. Mwaka 1955, TANU ilipotaka kuwafikia wanawake, alipatikana Bibi Titi Mohamed wa Dar es Salaam, aliyezaliwa mwaka 1926. Hakuwa msomi wa vyuo. Alikuwa mama na mwimbaji wa kikundi cha ngoma. Lakini alijua vikundi vya wanawake vinakutana wapi, nani anamsikiliza nani, na lugha gani itawafikia wapika pombe na wauza vitafunio. Kwa kupita katika vikundi hivyo hivyo aliwaingiza maelfu ya wanawake katika harakati za uhuru, uliopatikana tarehe 9 Desemba 1961. Njia yake haikuwa nyororo hata baada ya uhuru, kwani alipata kufungwa gerezani. Alifariki mwaka 2000, na leo Dar es Salaam ina barabara kubwa yenye jina lake.

Majirani zetu wa Kenya nao wana kumbukumbu yao. Mwishoni mwa Februari 1992, akina mama waliokuwa na watoto wafungwa wa kisiasa waliketi katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, wakagoma kula, wakidai watoto wao waachiliwe. Alikuwa pamoja nao Profesa Wangari Maathai. Polisi waliwavamia na kuwapiga. Akina mama wakahamia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, wakakaa huko karibu mwaka mzima, hadi wafungwa wengi walipoachiliwa mwanzoni mwa 1993. Wengi wa mama hao walikuwa wakulima watu wazima waliotoka vijijini. Walichokuwa nacho ni uchungu wa mzazi, na hawakukubali kuambiwa kwamba huo si wa kusemwa hadharani.

SHERIA INAITAMBUA KAZI YETU

Labda unasema: hao ni wachache. Basi tutazame kazi ya kila siku, ile ya kufua, kupika, kulea na kuuguza. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema kwamba ndoa ikivunjika, mahakama itazame mchango wa kila mmoja katika mali waliyochuma, iwe ni kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Kwa miaka kadhaa mahakimu walibishana kama kazi ya nyumbani ni mchango. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema kwamba ndiyo: kazi ya mke ya kutunza nyumba inahesabika.

Hatuyasemi haya ili tufikirie talaka. Tunayasema kwa sababu mahakama ya juu kabisa ya nchi iliiangalia kazi yetu na haikuweka “tu” mbele yake. Iweje sisi wenyewe tuendelee kuliweka?

Vivyo hivyo katika mambo ya kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, mwanamume na mwanamke, na unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo taarifa za mapato na matumizi zinapopaswa kusomwa. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Viti hivyo vipo. Je, kijijini kwako vimekaliwa na wanawake wanaosema, au na majina yaliyoandikwa ili kutimiza idadi?

NA HOFU JE?

Hatuwezi kuzungumza juu ya siasa tukajifanya haina hatari. Siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, tarehe 29 Oktoba 2025, na siku zilizofuata, damu ilimwagika. Wako mama waliowazika watoto wao. Majonzi ya namna hiyo hayapoi upesi, na mama anayemfungia mwanawe mlango hatumlaumu.

Lakini tunaomba tufikiri pamoja. Kijana wa miaka kumi na minane ana maswali kuhusu nchi yake. Asipoyajibiwa mezani pa mama yake, atayapeleka kijiweni au kwenye simu, kwa watu wasiojua hata jina lake. Wengi wetu tulipoona mambo yanachafuka tuliwaambia watoto, “Nyamazeni, siasa haituhusu.” Walinyamaza mbele yetu. Afadhali nyumba ambamo kijana anaweza kusema kinachomuudhi, akasikilizwa mpaka mwisho, kisha akaulizwa kwa upole: je, iko njia ya kulidai hili bila kuangamia wala kuangamiza? Kumlea mtoto hivyo ni kazi ya uzazi, na ni kazi ya siasa pia.

TUANZIE WAPI?

Hatutamwambia kila mama agombee ubunge, ingawa mwenye wito huo tungemwunga mkono. Yapo mambo madogo ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyafanya.

1. Weka daftari. Andika bei ya unga, sukari, mafuta na dawa kila mwezi. Andika siku maji yalipokatika na siku mtoto alipokosa dawa zahanati. Mkutanoni manung’uniko husahauliwa upesi, lakini tarehe na kiasi ni vigumu kuvipuuza.

2. Nenda mkutanoni na mwenzako. Mama akiwa peke yake hutetemeka. Wakiwa watatu waliokubaliana swali moja kabla, mmoja huuliza na wengine humwitikia.

3. Zungumza na baba watoto kabla, si baada. Wanaume wengi hawapingi mke kusema. Wanachochukia ni kushtukizwa mbele ya watu. Mweleze unachokusudia kuuliza na kwa nini. Pengine atakuongezea hoja.

4. Usiuze kura kwa kanga. Kuna wakati sheria yetu iliruhusu wagombea kutoa zawadi zilizoitwa takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipobatilisha jambo hilo mwaka 2006. Hata hivyo kanga na kilo za sukari hazijakoma kuonekana. Kanga ya kampeni huchuja kwa miezi michache, na aliyekupa hukaa madarakani miaka mitano.

5. Wahesabie wana wako wa kiume kazi za nyumbani sawa na mabinti. Mvulana aliyechota maji anajua pampu mbovu ina maana gani, na siku akiwa mjumbe wa kamati hatalala juu ya jambo hilo.

Tumewaona wanawake wengi wakianza na moja tu kati ya haya, wakajikuta wamegundua kitu ambacho hawakukitafuta. Mmoja aligundua kuwa anaweza kusoma taarifa ya fedha. Mwingine, ambaye nyumbani husemwa ana maneno mengi, aligundua kuwa mkutanoni maneno yake yanapanga mawazo ya watu.

Mama msomaji, ulizia mkutano wa kijiji au wa mtaa wako utakuwa lini. Ukishapata tarehe, mpitie jirani yako umjulishe. Kisha chukueni daftari la mtoto lililobaki kurasa, mchague pamoja swali moja la kwenda kuuliza.