Mugongo unauma, lakini si jembe peke yake

Wandugu wanamemba wa koperative, tukipita mashambani tunasikia: « Mugongo unaniuma hata siku sikulima. » Ndiyo, jembe na mizigo vinachosha. Lakini woga nao unakaa mwilini. Mutu akisikia risasi, moyo unapiga mbio, misuli inakazana ili aweze kukimbia. Woga usipoisha, shingo, mabega na taya vinabaki vimekazana mpaka usiku.

Mbele ya kulala, tujaribu hivi: kaza ngumi na mabega, hesabu mpaka 5, kisha achilia. Vuta pumzi kwa pua, uitoe pole pole kwa mdomo. Rudilia mara 5. Hii haiko uvivu: ni kupumzisha mwili utakaolima kesho. Maumivu yakizidi, ao mkono ukifa ganzi, uende kwenye kituo cha afya.