DVD inakatika-katika nyumbani: tuangalie nini kabla ya kununua kompyuta ingine?



Hapa Rugenge jamaa nyingi bado zinatunza diski za kwaya, za arusi, na filamu ya Yesu ya mwaka 1979. Zinaangaliwa kwa kompyuta zilizokwisha kutumiwa ng'ambo. Picha ikianza kusimama-simama, wazo la kwanza ni kwamba mashini haina nguvu, itafutwe ingine. Sisi tunaona kwamba mara nyingi pesa hiyo ingelipa karo ya watoto.

DVD haidai mengi. Picha na sauti pamoja hazipiti kiasi cha megabiti 10 kwa sekunde. Mwisho wa miaka ya 1990 hiyo ilikuwa kazi nzito. Prosesa ya Pentium II ilitoka jasho, na wengine waliongeza kadi maalumu ya kufungua picha. Lakini karibu kila kompyuta iliyotengenezwa baada ya mwaka 2005 inaiweza, hata yenye RAM ya gigabaiti 1.

Basi tatizo liko wapi? Anzeni na kisomaji cha diski. Vumbi likikaa kwenye jicho lake, au diski ikiwa na mikwaruzo, kinarudia kusoma mahali pale pale na picha inangoja. Futeni diski kwa kitambaa laini, toka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzunguka. Kisha nakilini diski ya arusi yenu ndani ya kompyuta (gigabaiti 4.7 au pungufu) muiangalie kutoka humo. Ikienda vizuri, prosesa haina kosa.

Wenye Windows XP wana mtego wao. Kisomaji kikikosea mara sita, XP inapunguza njia ya kupitisha data kutoka DMA hadi PIO, na prosesa inabebeshwa mzigo wote. Hali hiyo inabaki hata mkiweka diski safi! Ingieni kwenye orodha ya vifaa, ondoeni chaneli ya IDE ya kisomaji, mzime na kuwasha; XP itaitambua upya.

Umeme nao unahusika. Laptopu ikitumia betri inapunguza mwendo ili isiishe haraka, na feni iliyojaa vumbi inaleta joto, joto linaleta uzito.

Kama kisomaji kimechoka kweli, nunueni kisomaji peke yake, kile cha nje cha USB. Pelekeni diski yenu wenyewe, mkaijaribu kabla ya kulipa, hasa sehemu za mwisho za filamu: ziko karibu na ukingo, na hapo ndipo kisomaji kibovu kinajionyesha.