Mawindo Bila Bunduki: Kuipanga Safari ya Endarasha



Tumepokea barua ya mama mmoja wa Mombasa, na tumeona swali lake linazihusu nyumba nyingi za mwambao. Mwanawe wa kwanza ni mwalimu huko Endarasha, katika kaunti ya Nyeri. Shemeji yake, aliyehamia Muscat tangu ujanani, anatarajiwa kuja likizo pamoja na vijana wake wawili, naye ameomba jambo moja tu: atafutiwe mwongozaji, apelekwe katika nyika na misitu ya kaskazini, awinde nyati. Gharama zote atabeba yeye, na nyama itagawiwa jamaa na majirani. Mama anauliza: nyati si mnyama halali? Basi safari kama hiyo hupangwaje? Kisha anaongeza maneno yaliyotugusa. Shemeji huyo ndiye aliyewasomesha wanawe baada ya baba yao kufariki, wala hajapata kumwomba kitu mpaka leo.

Mama mpenzi, jibu la kwanza ni zito, nasi tunalitanguliza ili usije ukatoa ahadi isiyotimizika. Uwindaji huo haupangiki nchini Kenya. Jibu la pili ni jepesi zaidi. Safari yenyewe inapangika, na tunatumaini mgeni wako atarudi Muscat akiwa na furaha kubwa kuliko aliyoitarajia.

Sheria inasemaje

Mwezi wa Mei 1977 serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori, na mwaka uliofuata ikaifunga pia biashara ya nyara, yaani pembe, ngozi na vichwa vya wanyama. Marufuku hayo hayajaondolewa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 imeyatia nguvu zaidi. Adhabu zake ni pamoja na faini za mamilioni ya shilingi na vifungo virefu, hata kifungo cha maisha kwa makosa makubwa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka.

Kwa hiyo mtu akija kukwambia kwamba ana rafiki ndani ya msitu, na kwamba nyati mmoja hatajulikana, mkimbie. Huyo si mwongozaji, ni mwindaji haramu, na siku ya kukamatwa atakayefikishwa mahakamani ni mgeni wako, pamoja na mwanao aliyewapokea. Vivyo hivyo, msinunue ukumbi wa ngozi, jino wala kipande cha pembe kwa ajili ya kumbukumbu.

Ni kweli kwamba jirani zetu wa Tanzania wanaruhusu uwindaji wa kitalii kwa leseni, katika vitalu maalumu na chini ya mwindaji bingwa aliyesajiliwa. Lakini kibali cha huko hakimruhusu mtu kufyatua risasi upande huu wa mpaka.

Njia waliyopita wawindaji

Mgeni wako hakulizusha wazo hili. Safari za kuwinda zilipata umaarufu duniani kupitia mlango wetu wenyewe. Mwezi wa Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliteremka Mombasa akiwa na mwanawe Kermit. Walibeba tani 4 za chumvi ya kuhifadhia ngozi, na nyuma yao walifuata wapagazi zaidi ya 200. Walipita pia Nyeri na pande za Mlima Kenya. Roosevelt mwenyewe aliandika hesabu ya wanyama waliowaua yeye na mwanawe: 512. Wengi walipelekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington.

Neno letu la safari, tulilolitumia kwa misafara ya biashara na hata kwa mwendo wa mtu kwenda kumwona mamake, likaingia katika lugha za wageni likiwa na maana ya kuwinda. Mabega yaliyobeba mizigo ya wawindaji yalikuwa ya watu wetu, wa pwani na wa bara, ambao majina yao machache mno yameandikwa.

Lakini Nyeri ina historia nyingine pia. Mwaka 1932 Eric Sherbrooke Walker alijenga chumba juu ya mti katika msitu wa Nyandarua, penye dimbwi la maji, ili wageni wakae juu wawatazame wanyama wakija kunywa. Mahali hapo paliitwa Treetops. Ndipo alipolala Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, usiku wa Februari 1952 ambao baba yake alifariki. Pamoja naye alikuwapo mzee mmoja mlinzi, Jim Corbett. Mzee huyo alisifika nchini India kwa kuwaua chui na simbamarara waliokula watu, kisha akapenda zaidi kupiga picha kuliko kupiga risasi, na akawa mtetezi wa wanyama hao. Alihamia Nyeri, akafariki huko mwaka 1955, na kaburi lake liko huko. Kijana anayetamani uhodari wa mwindaji na asimuliwe habari zake.

Mizani ya dini yetu

Sasa turudi kwenye swali la mama: nyati si halali? Naam, nyama yake ni halali ikipatikana kwa njia ya kisheria. Dini yetu haikuharamisha kuwinda. Aya ya nne ya Suratul Maida inataja mawindo ya wanyama waliofunzwa, na sahaba Adiyy bin Hatim alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya hukumu za kuwinda kwa mbwa, akajibiwa kwa ufafanuzi.

Hata hivyo, uhalali wa mnyama haumaanishi kwamba kila mtu aruhusiwe kumwinda kila mahali na kila wakati. Aliyeingia katika ihramu huzuiliwa kuwinda wanyama wa nchi kavu, hata wale ambao nyama yao ni halali. Katika eneo takatifu la Makka mawindo hayafukuzwi kutoka mahali pake, seuze kuuawa. Hatusemi kwamba msitu wa Nyandarua una utukufu wa Haram. Hakuna mahali panapolingana napo. Tunasema kwamba Muislamu si mgeni wa fikra ya mahali ambapo mnyama ameachiwa amani yake.

Tena aya ya kwanza ya sura hiyo hiyo inaanza kwa kuwaamuru waumini watimize mapatano yao, kisha papo hapo inataja mawindo. Mgeni anayepewa viza ameingia katika mapatano ya kuziheshimu sheria za nchi. Kuyavunja kwa ajili ya starehe ni jambo ambalo mtu wa dini angeona haya kulifanya mbele ya wanawe.

Lipo na suala la nia. Mtume (S.A.W.) alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha, na akakataza kula wanyama wakali wenye meno ya kurarulia. Basi anayemuua simba au chui ili apate kichwa cha kutundika ukutani amekula nini, na amemlisha nani?

Endarasha na jirani zake

Hatuwezi kulitaja jina la Endarasha bila kuwakumbuka wana 21 waliofariki katika moto wa bweni mwezi wa Septemba 2024. Nchi nzima ililia nao, na wazazi wao wangali majirani wa mwalimu wetu. Mgeni atakapofika, neno la kwanza na liwe la pole.

Endarasha iko chini ya miteremko ya Nyandarua, upande unaotazamana na Mlima Kenya. Watu wake ni wakulima wa viazi, kabeji na mahindi, na msitu uko karibu na mashamba yao. Zamani ndovu na nyati wa msituni walivuka usiku, na jasho la msimu mzima likapotea kabla ya alfajiri. Ndiyo sababu ulijengwa uzio wa umeme kuuzunguka msitu, kwa juhudi za wanavijiji, serikali na shirika la Rhino Ark. Una urefu wa takriban kilomita 400, na ulikamilika mwaka 2009 baada ya kazi ya miaka 20. Uzio huo unamlinda mkulima na unamlinda mnyama.

Na sisi wa mwambao tuna fungu letu katika msitu huo. Mto Tana unapata maji yake katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, kisha unateremka mpaka baharini karibu na Kipini.

Kuipanga safari yenyewe

*Wakati.* Jiepusheni na masika, Machi hadi Mei, kwa kuwa njia za msituni huwa tope. Januari na Februari ni miezi mizuri. Julai ni kavu, lakini ina ukungu na baridi kali.

*Njia.* Treni ya Mombasa hadi Nairobi hurahisisha mwendo kwa wazee na watoto. Toka Nairobi hadi Nyeri ni kama kilomita 150 kwa gari, kupitia Thika na Karatina. Kutoka Nyeri mtapita Mweiga, yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare. Ndani ya hifadhi panatakiwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne.

*Mwongozaji.* Mwombeni cheti. Chama cha waongozaji safari wa Kenya huwatahini wanachama wake kwa ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Ada za kuingilia hulipwa kwa njia ya mtandao wa serikali wa eCitizen, wala si mkononi mwa mtu, na wananchi wachukue vitambulisho vyao ili watozwe ada ya mwenyeji. Mwongozaji akisema msishuke garini, msishuke. Nyati anayeonekana mpole kama ng'ombe ni katika wanyama wa hatari kupita wote.

*Malazi.* Zipo nyumba za kulala wageni zilizojengwa juu ya madimbwi ya msituni, ambako kengele hulia vyumbani usiku mnyama anapofika majini. Ulizeni mapema kama watoto wadogo hupokewa, kama familia itapata vyumba vinavyopakana, na kama jiko linaweza kuwapikia kwa vyombo safi chakula halali. Jibu likisitasita, laleni kwa mwalimu, mwingie hifadhini asubuhi na chakula chenu cha nyumbani.

*Ibada.* Umbali huu unaruhusu kupunguza na kukusanya Sala, maadamu hamkunuia kukaa siku nne kamili bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka. Adhuhuri ya Nyeri huingia kama dakika 10 baada ya ile ya Mombasa. Kibla chetu cha Mombasa ni kaskazini. Huko elekeeni mashariki kidogo ya kaskazini. Maji ya alfajiri ni baridi sana, basi chukueni khofu za ngozi. Msafiri aliyezivaa akiwa na udhu hupangusa juu yake kwa siku tatu na usiku wake.

*Mavazi.* Buibui peke yake haitoshi. Wekeni sweta nzito, soksi za sufu na shali za watoto. Rangi zisizong'aa zinafaa zaidi msituni.

La kumwambia mgeni

Mama mpenzi, usimfiche shemeji yako mpaka afike. Mwandikie sasa, na mwambie wazi kwamba jambo hili nchi imelikataza. Mtu aliyewasomesha mayatima hatakasirika kwa kuambiwa kweli. Kisha mweleze atakachokiona: ndovu, nyati, mbega weupe kwa weusi na, Mungu akijaalia, kifaru mweusi. Msitu huo pia una bongo wa milimani, paa mkubwa mwenye mistari, ambaye inakadiriwa wamebaki chini ya 100 porini ulimwenguni kote. Hata waliokaa miaka msituni huwaona kwa nadra. Kijana akitaka mtihani wa subira na jicho kali, na amtafute huyo kwa kamera.

Na ile nyama aliyokusudia kugawa isipotee. Anunue ng'ombe au mbuzi hapo Endarasha, amchinje kwa mkono wake mwenyewe akilitaja jina la Mwenyezi Mungu, na wanawe wamsaidie. Wagawiwe majirani wa mwalimu, Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Sadaka ile aliyoinuia kwa nyati itawafikia watu wale wale, na mwanao atabaki katika mji ule akiwa na heshima yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafikishe salama na awarudishe salama. Amin.