Antony Musoke na Kingamwili za Ndigana Kali

Ndigana kali, ugonjwa ambao Wanyarwanda huuita ikibagarira, huletwa na Theileria parva, kimelea kinachosafiri ndani ya mate ya kupe wa kahawia wa masikioni. Juu ya Gisenyi, kwenye malisho ya Gishwati ambayo wilaya ya Rubavu inayachangia na jirani zake, ng'ombe wengi wa maziwa ni machotara wa Friesian, na machotara hawahimili ugonjwa huu kama ng'ombe wa asili. Baridi ya milimani hupunguza kupe, lakini ndama asiyeumwa na kupe utotoni hukua bila kinga. Siku akishushwa mabondeni, au mfugo wa kununuliwa ukiingia na kupe wake, hana cha kumtetea.

Dalili ya kwanza hujulikana kwa mkono. Mfugaji anapopapasa chini ya sikio hukuta tezi imevimba na kuwa ngumu, ikijaa kiganjani. Hufuata homa, ng'ombe hukataa majani, hupumua kwa shida, na mwishoni povu hutoka puani. Asipotibiwa mapema, mara nyingi hufa ndani ya wiki 3 au 4 tangu aambukizwe.

Kupe akishajishikiza, vimelea humhitaji anyonye damu kwa siku kadhaa, 4 hivi, ndipo wakomae katika tezi zake za mate. Ndiyo maana kumng'oa kupe mapema kuna faida. Wakishaingia mwilini hawakawii: ndani ya dakika chache huwa wamezama katika limfosaiti, chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kulinda mwili. Humo huilazimisha chembe izaliane mfano wa saratani, na kila igawanyikapo, kimelea nacho hugawanyika pamoja nayo. Kingamwili, yaani protini za mwili zinazokabili vimelea, hazipenyi ndani ya chembe, kwa hiyo nafasi yao ni dakika zile chache tu.

Mtafiti Antony Musoke aliitazama nafasi hiyo finyu kwa miaka mingi. Katikati ya miaka ya 1970, akiwa na J. F. Williams huko Michigan, Marekani, alichunguza tegu wa panya na kuonyesha kwamba kingamwili za panya mwenye kinga zinaweza kumkinga mwenzake. Swali hilo hilo alilihamishia kwa ng'ombe, katika maabara ya ILRAD, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1973. Lilikuwa swali gumu, kwa sababu ng'ombe aliyepona ndigana hulindwa hasa na chembe za kinga zinazoua limfosaiti zilizoambukizwa. Hata hivyo, mwaka 1982 Musoke na wenzake waliripoti kuwa seramu ya ng'ombe wenye kinga huwazuia vimelea wa kwenye mate ya kupe wasiingie katika limfosaiti.

Ili kujua kingamwili hizo hushika sehemu gani ya kimelea, ikahitajika mbinu ya Georges Köhler na César Milstein, iliyobuniwa Cambridge mwaka 1975. Chembe ya wengu wa panya aliyechanjwa huunganishwa na chembe ya saratani. Mseto huo haufi, na hutoa kingamwili za aina moja tu bila kikomo. Kingamwili za namna hiyo ziliwaongoza watafiti wa Nairobi hadi kwenye protini ya ngozi ya kimelea iitwayo p67. Mwaka 1992 waliitengeneza kwa bakteria, wakawachanja ng'ombe, na theluthi mbili hivi wakakingika. Katika majaribio ya mashambani Kenya, yaliyochapishwa mwaka 2005, ugonjwa mkali ulipungua kwa karibu nusu. Kwa protini moja tu, ni hatua kubwa, ingawa mfugaji mwenye ng'ombe mmoja hawezi kuridhika na nusu.

Chanjo inayotumika imebaki ile ya Muguga, Kenya: kupe wenye vimelea husagwa, na ng'ombe huchomwa vimelea hai pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini ya kuwadhibiti. Inakinga vizuri, ila lazima ihifadhiwe ndani ya naitrojeni ya kimiminika, na kimelea cha aina nyingine, hasa cha nyati, kinaweza kuipita. Rwanda nayo ilikuwa na mbegu yake: mwaka 1981 watafiti Paling na Geysen walieleza aina ya kimelea iitwayo Nyakizu kuwa huenda ikafaa kwa chanjo.

Nje ya ndigana, ng'ombe mwenyewe amewashangaza wahandisi wa kingamwili. Baadhi ya kingamwili zake zina kitanzi kirefu mno, kama kirungu juu ya kikonyo, ambacho umbo lake lilielezwa mwaka 2013. Mwaka 2017 ilibainika kuwa ndama 4 waliochanjwa kwa protini ya virusi vya Ukimwi walitengeneza haraka kingamwili zinazozuia aina nyingi za virusi hivyo, jambo ambalo mwili wa binadamu hulifikia kwa nadra na kwa kuchelewa.

Kwa ndigana, ILRI, taasisi iliyoirithi ILRAD, imegeukia p67C, kipande kifupi cha p67. Kikibandikwa juu ya chembechembe ndogo mno zinazofanana na virusi, mwili wa ng'ombe hukiona kikiwa kimepangwa kwa wingi na kwa safu, kama unavyokiona juu ya kimelea. Mwaka 2021 watafiti wake waliripoti kuwa kuunganisha chembechembe hizo na nyingine za silika kuliongeza kinga ya ng'ombe.